NILIKWENDA MARA KUNUSA!

Kuna kitu kimoja ambacho hata uwe na simu yenye kamera tatu huwezi kukipiga picha ukamtumia mshikaji wako: harufu. Mvua utaipiga, foleni utaipiga, mzee aliyelala kwenye daladala mdomo wazi utampiga. Harufu? Utaishia kuandika "jamani huku kunanuka" na mwenzio atakujibu kwa kicheko. Ndiyo maana mtu anayeishi jirani na kiwanda kinachonuka huwa hana ushahidi. Analalamika leo, mkubwa anakuja baada ya siku tatu, upepo umeshageuka. "Mbona sisikii kitu?" Kesi imekwisha.

Basi safari hii sikwenda Mara kuangalia simba. Nilikwenda kunusa. Begini niliweka daftari, kalamu mbili, leso nyeupe na saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde. Usicheke. Huo ndio mtambo wenyewe.

Utaratibu nimeuchukua kwa Wajerumani, watu ambao hata kunusa wamekutungia kanuni. Kwao mnusaji hasimami tu barabarani akakunja uso. Anasimama sehemu moja dakika 10, na kila sekunde 10 anavuta pumzi na kutia alama: ipo, haipo. Jumla pumzi 60. Zikifika 6 tu ambazo ndani yake ameitambua harufu ya kiwanda, saa ile nzima inaandikwa kuwa ni saa ya harufu. Kesho anakwenda kwenye kona nyingine, wiki ijayo anarudi usiku, hivyo hivyo kwa miezi. Mwisho wanapiga hesabu: kwenye makazi ya watu saa za harufu zisizidi asilimia 10 za mwaka, kwenye maeneo ya viwanda asilimia 15. Hapo hakuna cha "mbona sisikii".

Wajapani nao wana lao. Tangu mwaka 1971 wana sheria nzima ya harufu mbaya, na kipimo chao ni mifuko mitatu. Mmoja una hewa ya kiwandani, miwili ina hewa safi. Mnusaji aambiwe: haya, upi? Akipatia, wanaizimua ile harufu kwa hewa safi, anachezeshwa tena, mpaka afike mahali anabahatisha tu. Ni kama karata tatu za Kariakoo, tofauti yake ni kwamba hapa huibiwi hela.

Masharti ya pua yapo: nusu saa kabla ya kazi husivuti sigara, huli, hunywi chochote zaidi ya maji, na marashi ni marufuku. Kwa hiyo ule mwendo wote kutoka stendi ya Nyamhongolo, Mwanza, sikuwa nimejipulizia kitu. Abiria niliyekaa naye namwomba radhi kupitia ukurasa huu.

Tulipita Magu, tukapita Lamadi, ziwa likichungulia kushoto na Serengeti ikiwa kulia, pale geti la Ndabaka ambapo watalii huingia na nyani hutoka. Mchana nikashuka Bunda.

Bunda ni mji wa barabara. Magari yanasimama, mahindi ya kuchoma yanapita dirishani, magari yanaondoka. Lakini msimu wa pamba ukishaanza, mji unabadilika. Malori yanaingia na marobota, vinu vinachambua, nyuzi zinakwenda huku na mbegu kule. Mbegu ndiyo yenye mambo. Inakamuliwa mafuta, yanabaki mashudu ya kulisha mifugo, na hapo ndipo pua inapata habari.

Nilisimama chini ya mwarobaini, upande unakoelekea upepo. Upepo nilisoma kwa leso, na nilipokosa uhakika nikaangalia moshi wa mama mmoja aliyekuwa anakaanga maandazi. Dakika 10, pumzi 60. Nilitia alama nyingi tu, maana harufu ilikuwepo: nzito, ya joto, yenye mafuta. Kijana wa bodaboda aliyekuwa ananikodolea macho akaniuliza nahesabu nini. Nikamweleza. Akavuta pumzi kama daktari, akasema, "Hiyo? Hiyo si ni kama karanga tu, bosi."

Na kweli. Kwa hesabu ya Wajerumani pale palikuwa na saa ya harufu, lakini ukiwauliza wenyeji hakuna anayekosa usingizi kwa ajili yake. Hapo nikaelewa kwa nini wapimaji hawaishii kwenye kuhesabu. Wanauliza inakuja mara ngapi, ni kali kiasi gani, inakaa muda gani, ni ya aina gani, na inatua kwa nani. Harufu ya mkate na harufu ya choo zinaweza kuwa na nguvu sawa, lakini nani atampeleka mwoka mikate serikalini?

Ila nilipoikunja leso yangu niliona kitu. Ilikuwa na manyoya manyoya ya pamba. Vumbi hilo halinuki, wala bodaboda hakulitaja, lakini wafanyakazi wanaolivuta miaka na miaka ndani ya vinu wanajulikana duniani kote kwa kuugua mapafu. Pua ni mlinzi mzuri ila ana wageni ambao hawabishi hodi kwake. Hilo tuliweke pembeni, tutalihitaji Musoma.

Kutoka Bunda nilipanda gari hadi Makutano, halafu Butiama. Butiama nilikwenda kupumzisha pua. Kuna sababu ya kitaalamu: ukikaa ndani ya harufu, baada ya dakika kadhaa ubongo unaizima. Si kwamba imeondoka, wewe ndiye umeacha kuisikia. Ndivyo mtu anavyoweza kujipulizia marashi mpaka jirani anapiga chafya, yeye anaona bado.

Mwitongo, nyumbani kwa Mwalimu, kuna mawe makubwa, miti na ukimya. Kaburi lake lipo pale, na makumbusho yake yaliyofunguliwa mwaka 1999, mwaka ule ule aliofariki. Nikakaa juu ya jiwe nikafanya pumzi zangu 60. Majani makavu, moshi wa kuni mara moja moja, na ng'ombe. Ng'ombe alikuwa wa kutosha! Mzee mmoja aliyekuwa anarudisha mifugo akanikuta na daftari. Nikamwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Unaandika nini?"

"Naandika harufu, mzee. Hii ya ng'ombe haikusumbui?"

Akaniangalia kwa huruma. "Harufu gani?"

Kwenye ua wa jirani kulikuwa na udaga umeanikwa, ile mihogo iliyovundikwa mpaka ikachachuka. Mgeni kutoka Dar angeuliza nani amekufa. Mimi jioni nilikula ugali wake kwa sato, nikaongeza. Kwa mwenyewe, harufu ya mali yake si kero. Kumbuka neno "yake".

Kesho yake kurudi Makutano na kukamata gari ya Musoma ndipo nilipopata mkutano wa hadhara wa bure. Tulikuwa kwenye Probox, ile wanayoiita mchomoko, watu wengi kuliko viti. Nikataja tu kwamba nafuatilia harufu, gari zima likalipuka: Mto Mara!

Kwa waliosahau: Machi 2022, maji ya Mto Mara kuelekea daraja la Kirumi yaligeuka meusi, yakanuka, samaki wakaelea wamekufa. Watu wa mtoni macho yao yakaenda moja kwa moja kwenye machimbo ya dhahabu. Serikali ikaunda kamati chini ya Profesa Samwel Manyele, nayo ikarudi na jibu kwamba chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, vitu vilivyomaliza oksijeni majini. Nchi nzima ikacheka. Ndani ya mchomoko bado wanacheka.

"Ng'ombe wameanza kunya 2022?" aliuliza jamaa wa kiti cha nyuma, na dereva nusura aache usukani.

Mimi sitacheka haraka. Mwaka 2018 watafiti walichapisha utafiti juu ya mto huo huo wa Mara, upande wa juu, Kenya. Huko kuna viboko zaidi ya 4,000, na kinyesi chao kikilundikana kwenye madimbwi halafu mvua ikakizoa kwa mpigo, oksijeni inashuka na samaki wanakufa. Kwa hiyo kinyesi kuua samaki si hadithi ya kutunga. Lakini ninamwelewa na jamaa wa kiti cha nyuma. Watu wa mtoni hawakuwa na daftari. Hakuna aliyeweza kusema: tarehe fulani mto ulinuka hivi, tarehe fulani vile, mwaka jana mvua kama hizi haukunuka. Mtu asipokuwa na kumbukumbu zake, anabaki na mambo mawili tu, kuamini ripoti au kuicheka.

Haya, Musoma.

Mji wenyewe mtamu, sikufichi. Umekaa kwenye ulimi wa nchi kavu ulioingia ziwani, kwa hiyo ukitembea kidogo unakutana na maji, ukigeuka unakutana na maji tena. Mawe yamepandana kama mtu aliyapanga kwa mkono. Jioni vijana wanakaa ufukweni, soga zinakwenda, na jua linazama ziwani taratibu utadhani limelipwa kwa saa.

Mji huu umelelewa na samaki. Sangara alipandikizwa Ziwa Victoria tangu enzi za mkoloni, akazaa, akala wenzake, na kufikia miaka ya 1990 viwanda vya minofu vilikuwa vimezunguka ziwa, Musoma ikiwemo. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa ziwa hili baada ya taarifa za uvuvi wa sumu, na tangu hapo ukaguzi ukawa mkali kweli kweli. Baadaye sangara akapungua na viwanda vingine vikafunga milango. Kwa hiyo ukiingia Musoma ukatamka "kiwanda kinanuka", angalia umesimama na nani. Kuna mtu anakumbuka kiwanda kilichokuwa kinanuka halafu kikaacha, na mshahara ukaacha nacho.

Nilipanga chumba kwa mama mmoja kwenye mtaa ulio karibu na kiwanda cha samaki. Jina la kiwanda nalihifadhi, na la mtaa pia. Mama ana vyumba vinne vya kupangisha, viwili vitupu. Wapangaji wanakuja asubuhi kuangalia, wanapenda, wanalipa kodi, na kabla ya mwezi kwisha wanahama. Mtoto wake wa kiume anafanya kazi kiwandani humo humo, zamu ya usiku. Kwa hiyo mama anapoteza kodi kwa kiwanda kinachomlipa mwanawe. Mwana anasema hasikii harufu yoyote, na simlaumu, pua yake ilishazima zamani. Lakini nguo zake zinafuliwa kwenye beseni la peke yake.

Asubuhi nilisimama kwenye kona ya nyumba. Pumzi 60, alama hakuna. Sifuri! Laiti ningekuwa mkubwa fulani na gari la serikali ningeandika "hakuna tatizo" nikaenda kula. Mchana jua lilipopasha nchi kavu, upepo ukaanza kutoka ziwani kuja mjini, kama unavyofanya kwenye miji yote ya ziwa, na kiwanda kipo kati ya maji na nyumba. Saa tisa alasiri nikasimama tena. Ilikuja kwa vipande vipande, inapiga, inapotea, inapiga. Alama zilipita zile sita mapema kabisa, nikaacha hata kuwa na wasiwasi wa kuhesabu.

Usiku ndio kiboko. Upepo umelala, hewa ya baridi imekaa chini kama blanketi, na kitu chochote kinachotoka kinabaki pale pale kwenye madirisha. Saa tatu na kitu likapita lori limebeba mabaki, maji yanadondoka njia nzima. Mama hakusema neno. Aliinuka tu akafunga dirisha, kwa mkono uliozoea.

Jambo lililonishangaza ni hili: minofu yenyewe hainuki. Inaoshwa, inagandishwa, na kabla ya kusafiri kuna wakaguzi ambao kazi yao ni pamoja na kumnusa samaki, mashavu na nyama, kuhakikisha mzungu hatakunja uso mezani. Kinachonuka ni kile ambacho hakisafiri. Vichwa, mapanki, ngozi, mafuta, damu ya kwenye mtaro. Bakteria wakishaanza kuvunja nyama hiyo kwenye joto, zinatoka gesi za amonia na za salfa, ile ya yai viza. Hiyo ya yai viza pua inaikamata ikiwa kidogo mno, mno, hata kabla haijaweza kumdhuru mtu. Lakini ikizidi sana, kama ndani ya shimo la maji machafu, inaiua pua kwanza ndipo imuue mwenye pua. Ndiyo maana fundi wa mashimo harufu "ikiisha" ghafla anatakiwa akimbie. Ule mzigo tulioweka pembeni kule Bunda ndio huu: kunuka siyo lazima kuwe sumu, na kutonuka siyo lazima kuwe salama. Kinachosumbua mtaani kwa mama ni kukosa usingizi, kichefuchefu, madirisha yaliyofungwa kwenye joto na vyumba viwili bila mpangaji. Hiyo nayo ni hasara.

Mlinzi wa getini nilipomsalimia na kumdokezea shida yangu alicheka. "Hiyo ni harufu ya hela, dada." Sawa kaka. Lakini ya nani? Kumbuka mzee wa Butiama na ng'ombe wake.

Mama hataki kiwanda kifungwe. Hilo alinirudia mara tatu, asije akanukuliwa vibaya. Anataka lori lifunikwe na lisidondoshe, mabaki yasilale, mtaro uwe na mfuniko. Hayo ni mambo ya turubai na ratiba. Na kwa wale wanaokausha mabaki kuwa chakula cha kuku, hewa ile ya moto inaweza kupitishwa kwenye kitanda cha vipande vya mbao vilivyoloweshwa, humo bakteria wazuri wakaila harufu kabla haijatoka. Si mtambo wa kwenda mwezini.

"Mwanangu, sisi nani atatusikiliza?" aliniuliza.

Nikampa kisa cha Tabata. Miaka ya 1980 Jiji la Dar es Salaam lilikuwa linamwaga taka Tabata, moshi, nzi na uvundo hadi kwenye sahani. Wakazi wakaenda Mahakama Kuu, wakashinda mwaka 1988. Jiji likaomba muda, likaomba tena, mpaka mwaka 1991 Jaji Lugakingira akakataa, akasema maisha ya watu hayawezi kuendelea kuhatarishwa. Taka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani. Unajua kilichofuata? Watu wa Mtongani nao, wapatao 800, wakaenda mahakamani mwaka huo huo, wakashinda! Wakati huo hata sheria ya mazingira tuliyo nayo haikuwepo. Hii ya sasa, ya mwaka 2004, inampa kila mkazi haki ya mazingira safi na ya kwenda kuidai, na imeitaja harufu mbaya miongoni mwa vitu vya kuwekewa viwango. Baraza la mazingira, NEMC, lipo. Bwana afya wa manispaa yupo, na sheria ya afya ya jamii ya mwaka 2009 inamhusu.

Mama akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza swali ambalo hakuna wakili angeuliza vizuri zaidi: "Na hao wa Tabata walipeleka nini, maneno matupu?"

Nikampa daftari langu, lililobaki kurasa nyingi. Tukachora mistari pamoja: tarehe, saa, upepo unatoka wapi, imenuka nini, kali kiasi gani kuanzia 0 hadi 6, imekaa muda gani, lori limepita au halikupita. Nikamsisitizia aandike na siku ambazo hakuna kitu, maana daftari lenye malalamiko matupu hakuna atakayeliamini. Na aandike akiwa ndiyo kwanza ametoka sokoni, pua ikiwa mpya.

Hiyo ilikuwa Julai. Juzi amenipigia simu. Mkutano wa mtaa ni mwisho wa mwezi, bwana afya ameahidi kuja. Daftari la kwanza limejaa, amenunua la pili, na hilo amempa mpangaji wake wa chumba cha nyuma. Amemwambia aandike ya kwake kivyake, na asichungulie la kwanza.